Usivumilie Maumivu, Nandudu

Bugembe,
Jumapili jioni, tarehe 1 Juni 2025

Nandudu mwanangu,

Umekwenda kwa mama yako mdogo kusukwa nywele, na najua hamtamaliza upesi, kwa sababu ninyi wawili mkikaa pamoja midomo hufanya kazi kuliko mikono. Nimeona nitumie nafasi hii kuandika. Ukirudi nitakuuliza kama umekula, utasema umekula, na yote niliyotaka kukuambia yatabaki kooni. Miaka yote niliyokuwa askari magereza nilitoa amri kwa sauti kubwa mbele ya wanaume wazima, lakini mbele ya binti yangu mwenye mimba sijui nianzie wapi. Mambo haya angeyasema mama yako. Sasa mama yako tumemzika, yameniangukia mimi, nami nimeamua kuyasema.

Sitakuandikia habari za sweta wala pasipoti. Mumeo Wafula anasoma huko Ubelgiji, anaijua baridi yao, na ameshakueleza yote mara mbili kwenye simu mpaka ukamwambia anyamaze. Ninachotaka kuandika kinahusu neno ulilomwambia daktari pale Mbale, neno ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani.

Unakumbuka siku ile. Ulikuwa umepimwa skani huko Nakaloke unakofundisha, na yule kijana wa skani alikuwa akikutania vizuri tu, kisha akaacha kutania. Akakutuma Mbale. Ukanipigia simu, nami nikaja kutoka Bugembe nimevaa viatu vya kanisani, kana kwamba hospitali wangeangalia viatu vyangu. Daktari akatueleza polepole. Mgongo wa mtoto haukufunga. Uti wake uko wazi sehemu ya chini, na kadiri siku zinavyokwenda akiwa tumboni, pale palipo wazi panaendelea kuharibika. Akasema kwa kawaida wao huziba mgongo wa namna hiyo mtoto akishazaliwa, na wamewaziba wengi, na wengi wanaishi. Lakini ipo kazi nyingine, ya kuuziba kabla hajazaliwa, na hiyo hapa kwetu bado haijafika. Ukamwambia kwamba mumeo yuko Ubelgiji. Daktari akaweka kalamu chini akasema, "Mpigie leo. Usingoje kesho."

Basi hivyo ndivyo safari hii ilivyozaliwa. Wafula akahangaika, bima ya chuo ikakubali, hospitali ya huko ikakubali, na kesho unaondoka. Huendi wiki mbili. Utakaa karibu na hospitali yao mpaka uzae, na baada ya hapo sijui, hata wewe hujui. Ndiyo maana naita kuondoka, siiti kusafiri.

Lakini neno lenyewe. Yule daktari alimwita mwenzake wa dawa za usingizi, mwanamke mfupi mwenye miwani, aje akueleze utakachokutana nacho. Akasema utalazwa usingizi mzito, na dawa hiyo inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto naye. Hapo ukakaa wima. Ukasema, "Daktari, kama dawa inamfikia, basi wanipe kidogo kabisa. Nitavumilia. Mimi ni Mgisu."

Yule mama akacheka. "Wagisu nawajua," akasema, "nimeolewa nao."

Nami niliyekuwa nimekaa pembeni, Nandudu, nilijisikia mkubwa. Nilinyoosha mgongo kwenye kile kiti cha plastiki. Nilifurahi kwamba binti yangu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumtaka asimame uwanjani kutahiriwa bila ganzi kama sisi wanaume kwenye imbalu, alikuwa na moyo ule. Furaha yangu ilidumu mpaka daktari alipoacha kucheka, akavuta kiti, na kuanza kutueleza. Uliinamisha kichwa wakati anaeleza, na sijui ulisikia kiasi gani. Mimi nilisikia yote kwa sababu nilimwomba arudie.

Alisema mtoto tumboni hana namna ya kulalamika. Akipata shida, kitu kimoja tu ndicho husema, nacho ni moyo wake: unapunguza mwendo. Kwa hiyo siku hiyo kutakuwa na mtu ambaye kazi yake yote ni kuutazama moyo huo kwenye skani tangu mwanzo mpaka mwisho. Alisema mtoto anakula kupitia damu ya mama, na presha ya mama ikishuka, mtoto ndiye wa kwanza kukosa. Ndiyo maana watakulaza umeinama kidogo upande wa kushoto, tumbo lisiulalie ule mshipa mkubwa, na watakuwa na dawa tayari ya kuipandisha presha. Alisema ile dawa nzito ya usingizi unayoiogopa ndiyo inayolegeza tumbo la uzazi. Tumbo lisipolegea, likikaza wakati wamelifungua, mtoto anabanwa.

Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria maishani. Mtoto naye atachomwa sindano yake mwenyewe, ndogo, ya kuzuia maumivu na ya kumtuliza asijitikise. Nikamuuliza, "Daktari, ina maana anasikia maumivu, naye bado hajawa na hata jina?"

Akasema, "Mzee, hatuna hakika anahisi nini. Tunachojua ni kwamba mwili wake ukiguswa na kisu unashtuka, na mshtuko huo unamchosha moyo. Kwa hiyo hatungoji kujua. Tunamtuliza."

Nikamuuliza swali la mwisho. "Huyu binti yangu akivumilia, anamsaidia mtoto wake au anamuumiza?"

"Akivumilia, anatuficha habari," akasema. Akaeleza kwamba hata baada ya upasuaji, mama akikaa na maumivu makali bila kusema, mwili mzima unashtuka, na tumbo linaweza kuanza kukaza, uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Akainuka, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Nawe ulikuwa bado umeinamisha kichwa.

Jana baba yako mkubwa Mafabi alikuja kutoka kijijini kwetu Wanale kukuaga, na mkungu wa ndizi begani kama kijana. Uliona alivyokaa tu akaanza. "Haya, nimesikia! Mgisu wa kwanza kuchomwa ganzi hata hajazaliwa! Huyu siku yake ya imbalu ikifika atadai kitanda, shuka na sista wa kumpepea."

Watu walicheka. Nawe ulicheka, lakini nilikuona ukienda jikoni na kusimama pale bila kufanya kitu.

Nikamwambia, "Kaka, huyu atakuwa amepasuliwa mgongo kabla ya kuzaliwa. Wewe ulikatwa nini hasa?"

Mafabi alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji. Hana ubaya. Alipokuwa akiondoka alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto atatembea. Nikamwambia hakuna aliyeahidi. Akasema, "Basi mwambie mama yake asiogope," akapanda boda boda bila kuniangalia usoni.

Sasa nikuambie habari yangu. Mimi nilisimama uwanjani kule Wanale, nimeshika fimbo mabegani nyuma ya shingo, unga umepakwa usoni, watu wamejaa hata juu ya ua. Sikupepesa jicho. Filimbi ya kutangaza kwamba nimesimama imara ilipolia nikasikia kelele za watu, na mpaka leo mzee yeyote wa kijiji akiniona anajua mimi ni mtu gani. Sioni haya juu ya siku ile wala sitaki kuikana. Lakini kuna sehemu yake ambayo wanaume hatuisimulii. Jioni, wageni walipokwisha kutawanyika, nilikuwa nimelala ndani nimeng'ata blanketi. Bibi yako akaingia na bakuli la uji. Akalifunga dirisha, akakaa karibu yangu, akasema, "Sasa lia, mwanangu. Watu wameshaondoka."

Nikalia. Akanishika kichwa mpaka nikalala.

Niliondoka na sehemu moja ya siku ile nikaiacha nyingine. Nilikwenda kwenye jeshi la magereza na ile ya uwanjani, nikaoa nayo, nikakulea nayo. Ulipoanguka kwenye changarawe mbele ya nyumba za askari pale Jinja ukachubuka goti, nilikuambia, "Mgisu halii." Ulikuwa mdogo sana, ukafinya midomo, nami nikakubeba mabegani kukuzungusha kwa majirani. Mama yako, Msoga wa watu, alikuwa akinitania. "Nyie Wagisu mnasimama kidogo tu, mnasifiwa maisha yote. Mimi nimezaa, nani amenipigia filimbi?" Lakini neno linalosemwa kila siku ndani ya nyumba linaingia hata kwa anayelicheka. Jino lilipomsumbua, akanyamaza. Alipoungua na mafuta ya chapati, akanyamaza, nami nikamwambia, "Umekuwa Mgisu sasa," naye akafurahi.

Unajua kwamba baada yako kulikuwa na mtoto mwingine. Hilo tulikuambia. Ilivyokuwa hasa hatukukuambia, na mama yako hakutaka ulijue ukiwa mdogo. Nadhani sasa angetaka.

Tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana. Akapata maumivu upande wa kulia. Akaendelea kupika, kufua, kukupeleka shule ya watoto. Nilimwona akiinama kuchukua sufuria, pumzi ikamkata. Nikamuuliza. Akasema, "Mtoto anageuka tu." Nami niliridhika, kwa sababu jibu hilo lilikuwa rahisi kwangu. Siku iliyofuata alianguka bombani akichota maji, na wanawake wa nyumba za askari ndio waliombeba. Hospitali wakasema kidole tumbo kimepasuka, na wangempasua mtoto akiwa bado ndani.

Walimchoma sindano ya ganzi mgongoni, kwa hiyo alikuwa macho. Yaliyotokea ndani alinisimulia yeye mwenyewe baadaye, mara nyingi, mara nyingine akicheka na mara nyingine hacheki. Alisema alipolazwa chali kifua kikawa kizito, taa za juu zikaanza kufifia, kichefuchefu kikampanda. Yule bwana wa dawa za usingizi akamuuliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Niko sawa."

Bwana yule akatazama mashine yake. "Mashine inasema hauko sawa. Nimwamini nani?"

Bwana yule akapiga kelele waletewe mto, akausukuma chini ya nyonga yake ya kulia mpaka akainamia kushoto, akamchoma dawa, na taa zikarudi. Kisha akainama karibu na sikio lake, akamwambia bila hasira, "Mama, damu ikikupungukia wewe, mtoto anakosa hewa. Nikikuuliza tena, niambie ukweli."

Tangu hapo akamwambia kila kitu. Alisema alikuwa kama mtu aliyefunguliwa. Akamwambia habari za kichefuchefu, za mkono uliokufa ganzi, hata za pua iliyomwasha, na bwana yule akamkuna pua. Hiyo ya pua ndiyo aliyokuwa akiisimulia akicheka. Mwisho wa upasuaji waliweka ile pembe ya kusikilizia tumboni, na moyo wa mtoto ulikuwepo.

Nataka ulielewe vizuri jambo hili. Watu wale walifanya kazi yao. Mtoto alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai. Lakini usaha ulikuwa umekaa tumboni muda mrefu mno, homa ikaja, na baada ya siku chache uchungu ukaanza. Alizaliwa mvulana, mdogo wa kuenea kwenye viganja vyangu. Alipumua kidogo. Tulimzika Wanale, karibu na bibi yako.

Daktari alisema mama angeletwa mapema pengine ingekuwa tofauti. Alisema pengine, hakusema hakika, na mimi sijaongeza wala kupunguza. Mama yako alipotoka hospitali alikaa kitandani akaniuliza, "Mimi hata si Mgisu. Nilikuwa namnyamazia nani?" Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anataka kujua kweli.

Nawe ukaingia, ukauliza mtoto yuko wapi. Mama yako akakuambia amekwenda Wanale. Hujui ulivyolishika neno hilo. Kila tulipokwenda Wanale ulikuwa unakata chapati yako nusu, unaifunga kwenye karatasi, unasema ni ya yule mtoto. Ulikuwa unaiacha kwenye jiwe la mlangoni. Kuku ndio walioila, na sisi tulikuacha uamini hivyo mpaka ulipokua ukaacha mwenyewe, bila kuuliza.

Baada ya hapo sikukuambia tena kwamba Mgisu halii. Hukuona nilipoliacha, maana sikukutangazia. Nilidhani kuacha kulisema kunatosha. Kumbe ulikuwa umeshalichukua, umekua nalo, umekwenda nalo kufundisha Nakaloke, na siku ile Mbale ukalitoa mbele ya daktari kama kitu chako mwenyewe. Basi lile nililoliacha kimya, leo naliacha kwa maandishi, na wewe ndiye shahidi. Naomba nawe uliache kabla hujapanda ndege.

Wakati wa kazi yenyewe utakuwa umelala, hapo huna la kufanya, waachie wao. Lakini kabla yake watakuchoma sindano ya mgongo ukiwa macho. Ikikuuma, sema inauma. Kichwa kikizunguka, sema kinazunguka. Na ukishaamka zitakuja siku nyingi za kidonda na tumbo, na hizo ndizo ninazoziogopa, kwa sababu ndizo utakazotaka kuwaonyesha Wazungu kwamba wewe si mtu wa kudeka. Usiwaonyeshe. Watakuletea dawa za maumivu, zimeze. Ukiona tumbo linakaza hata kidogo, usikae kulipima kama ni lenyewe au silo. Sema. Kiingereza kikikukimbia, sema Kiswahili, Wafula atawaeleza. Naye Wafula asipokuwepo, lia tu. Kilio wanakielewa kila mahali.

Na usimwonee mtoto huruma ya kumnyima ganzi. Mimi babu yake nilikatwa bila ganzi nikiwa mtu mzima, nimechagua mwenyewe, nimecheza ngoma siku nyingi kabla yake, ukoo wote umenizunguka. Yeye hajachagua kitu. Apewe sindano yake. Moyo wake uende vizuri, wauone kwenye hiyo skani, wazibe mgongo wafunge tumbo, abaki humo akinenepa. Akija kuwa wa kiume na siku moja akataka kusimama Wanale, hayo tutazungumza siku hiyo.

Najua pia kwamba huenda yasiwe yote tunayoyaomba. Daktari alisema huenda atatembea, huenda atatembea kwa magongo, huenda asitembee. Huenda bado akahitaji kutolewa maji kichwani. Nimeyasikia hayo na nimeyakubali yote kabla yako, ili ukija kuyakubali wewe unikute nimeshafika. Nimezungumza na fundi. Jumanne anakuja kubomoa zile ngazi za mlango wa mbele na kuweka mteremko. Usinipigie simu kubishana, saruji nimeshanunua. Mtoto akija akitembea, mteremko utanifaa mimi na magoti yangu. Asipotembea, ataingia nyumbani kwa babu yake kupitia mlango wa mbele kama kila mtu.

Nasikia sauti yako barabarani, unaagana na mama yako mdogo, na jinsi mnavyoagana nina muda bado wa kumaliza.

Wafula ameniambia jambo dogo. Amesema kule hospitali kila kitanda kina kengele yenye waya, inalala karibu na mkono wa mgonjwa. Ukiibonyeza, sista anakuja, hata kama ni usiku, hata kama alikuja sasa hivi. Amesema watu wetu wakilazwa huko hawaibonyezi. Wanaona haya kuwasumbua watu. Wanaikunja waya vizuri wanaiweka pembeni, wanavumilia mpaka asubuhi.

Wewe ibonyeze, mwanangu. Ibonyeze mpaka wakujue kwa jina. Na kila utakapoibonyeza, unikumbuke.

Baba yako